Ripoti ya mbunge mwaka wa maradhi: Maswali sita ya kumuuliza

Na Daktari Wetu

KILA Bunge linapofunga kwa likizo ndefu ya Desemba, wabunge hurudi mashinani kuwaeleza wananchi yale waliyoyatenda mwaka mzima. Wengine huitisha baraza, wengine huenda redioni, na wengine huchapisha vijitabu vyenye picha nyingi. Katika mwaka wa kawaida hotuba hizo huhusu barabara, karo na visima. Lakini mwaka ukiwa wa maradhi ya kuambukiza, hotuba nzima hugeuka kuwa ya afya: wagonjwa wangapi, vitanda vingapi, chanjo ngapi. Hapo ndipo mwananchi anapohitaji kuzielewa takwimu za ugonjwa kama anavyoelewa bei ya unga.

Makala haya ni somo la kuipima hotuba ya namna hiyo. Mifano yetu inatoka Garissa, Wajir na Mandera, kaunti tatu zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Katika muda usiozidi miaka 30 eneo hilo limepigwa na milipuko mikubwa miwili ya homa ya Bonde la Ufa (1997-98 na 2006-07), polio mwaka 2013, korona kuanzia 2020 na kipindupindu kilichozuka mwishoni mwa 2022. Msomaji wa Nairobi au Mombasa asidhani kwamba somo hili halimhusu. Maswali ni yale yale popote alipo mbunge.

MWAKA 2020 ULIVYOKWISHA

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020. Mwezi uliofuata, kuingia na kutoka kaunti ya Mandera kulipigwa marufuku, na kabla Aprili haijakwisha kambi za wakimbizi za Dadaab nazo zilifungwa. Mei wagonjwa wa kwanza wakathibitishwa Dadaab. Katikati ya mwaka kila kaunti ilitakiwa kuandaa vitanda visivyopungua 300 vya kuwatenga wagonjwa. Novemba 4 mikutano ya kisiasa ikasimamishwa kwa siku 60, kwa hivyo mbunge aliyetaka kutoa ripoti ya mwaka alilazimika kutafuta njia nyingine isiyokusanya umati. Desemba hiyo hiyo wauguzi, matabibu na madaktari waligoma, wakidai miongoni mwa mengine vifaa vya kujikinga na bima ya matibabu.

Huo ndio mwaka ambao viongozi walitakiwa kuutolea hesabu. Aliyesema tu kwamba "tumepambana" hakusema kitu. Kupambana hupimwa.

NANI ANAWAJIBIKA?

Kabla ya takwimu, ni muhimu kujua ni nani wa kuulizwa nini. Chini ya Katiba ya 2010, zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na ambulensi ni kazi ya serikali ya kaunti. Sera ya afya na hospitali kuu za rufaa za taifa ni kazi ya serikali kuu. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 inamtaka gavana atoe hotuba kuhusu hali ya kaunti kila mwaka. Mwakilishi wa wadi, kupitia bunge la kaunti, humchunga gavana. Seneta hufuatilia fedha zinazotoka serikali kuu kwenda kaunti. Mbunge wa eneo bunge hutunga sheria, hupitisha bajeti ya taifa na huichunguza serikali kuu, ikiwemo Wizara ya Afya.

Kwa hivyo mbunge wa Fafi, Lagdera au Balambala akisimama na kusema "nimewaletea zahanati", muulize kwanza ni fedha za nani. Neno "nimeleta" ni tamu masikioni, lakini fedha za umma si zawadi ya mtu. Swali linalomhusu yeye hasa ni hili: dawa, chanjo na vifaa vilivyonunuliwa na serikali kuu vilipochelewa, aliuliza nini Bungeni, na alijibiwa nini? Mwaka 2020 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alifanya ukaguzi maalum wa ununuzi wa vifaa vya korona wa thamani ya shilingi bilioni 7.8, na ikaonekana kuwa bidhaa nyingi zilinunuliwa kwa bei ya juu kisha zikakwama ghalani. Mambo ya aina hiyo ndiyo kazi ya mbunge.

Sasa tuyachukue maswali moja baada ya jingine.

1. WALIOPIMWA NI WANGAPI?

Idadi ya wagonjwa peke yake haina maana bila idadi ya waliopimwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwezi wa kwanza watu 100 wanapimwa na 20 wanapatikana na virusi. Hiyo ni asilimia 20. Mwezi wa pili watu 1,000 wanapimwa na 40 wanapatikana. Wagonjwa wamekuwa maradufu, lakini asilimia imeshuka hadi 4. Ukisikia nusu ya kwanza tu ya habari, utaingiwa na hofu bure.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Vipimo vikipungua, wagonjwa nao hupungua kwenye karatasi, na kiongozi atajisifu kwamba ugonjwa umekwisha. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo: asilimia ya wanaopatikana na korona ibaki chini ya 5 kwa wiki mbili, mradi upimaji uwe umeenea. Kumbuka pia kwamba mwanzoni mwa janga hilo upimaji ulifanyika katika maabara chache, nyingi zikiwa Nairobi. Sampuli ya Mandera husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kabla haijafika huko. Kwa hivyo uliza pia majibu yalichukua siku ngapi. Jibu likifika baada ya siku 10, mgonjwa ameshaambukiza aliokaa nao.

2. WALIOKUFA WALIHESABIWA VIPI?

Hapa Garissa ina somo ambalo husomwa na madaktari duniani kote. Desemba 1997, baada ya mvua kubwa za El Nino, vifo 170 vya homa yenye kutoka damu viliripotiwa katika wilaya ya Garissa. Maabara zikathibitisha kuwapo kwa virusi vya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo ambao humwambukiza binadamu kupitia damu na majimaji ya mnyama mgonjwa au kuumwa na mbu.

Watafiti waliwapima watu 171 wilayani. Kati yao 31, yaani asilimia 18, walikuwa na dalili katika damu kwamba wameambukizwa karibuni. Baada ya kusawazisha hesabu kulingana na umri wa wakazi, asilimia ilikuwa 14. Walipoikadiria kwa wilaya nzima, walifikia maambukizi 27,500 hivi. Huo ulikuwa mlipuko mkubwa kuliko wote wa ugonjwa huo uliowahi kurekodiwa Afrika Mashariki.

Tazama tofauti hiyo. Kiongozi ambaye angesema "tulikuwa na wagonjwa 31" angekuwa sahihi kwa karatasi ya maabara, na mbali sana na hali halisi ya wilaya. Tena si kila aliyekufa kwa homa na kutoka damu msimu ule aliuawa na virusi hivyo. Idadi inayotolewa mlipuko ukiwa bado moto inaweza kupungukiwa upande mmoja na kuzidi upande mwingine.

Kuna jambo jingine. Kaskazini Mashariki wakazi wengi ni Waislamu, na maiti huzikwa mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo. Anayefia nyumbani mbali na mji hapiti chumba cha maiti. Kifo chake huandikishwa kwa naibu wa chifu, kama kitaandikishwa. Kwa hivyo muulize kiongozi: hesabu yako ni ya vifo vya hospitali pekee, au inajumuisha vya nyumbani? Makaburi mapya katika bula na kijiji yanajulikana na wenyeji. Hesabu ya serikali ikiwa pungufu, dawa na wahudumu wa mwaka ujao watapangwa kwa upungufu huo huo.

3. KITANDA KINA NINI?

Vitanda 300 ni idadi ya kupendeza kwenye hotuba. Lakini kitanda ni chuma na godoro. Mgonjwa wa korona aliyezidiwa huokolewa na oksijeni na mtu wa kumwangalia.

Hebu tupige hesabu. Mgonjwa anayehitaji lita 10 za oksijeni kwa dakika hutumia lita 600 kwa saa, na lita 14,400 kwa siku. Mtungi mkubwa wa hospitali hubeba lita 6,800 hivi. Maana yake ni kwamba mtungi mmoja humtosha mgonjwa mmoja kwa muda wa saa 11 tu, na kwa siku atamaliza mitungi miwili na kuuanza wa tatu. Wagonjwa 10 wa namna hiyo watamaliza zaidi ya mitungi 20 kwa siku. Kama mitungi hujazwa Nairobi, kilomita 370 hivi kutoka Garissa mjini, uliza lori hufika mara ngapi kwa wiki na mvua ikikata barabara inakuwaje. Kama kuna mtambo wa kuzalisha oksijeni hospitalini, uliza kama unafanya kazi, una jenereta, na fundi wake yuko wapi.

Halafu wauguzi. Wiki ina saa 168 na muuguzi mmoja hufanya kazi saa 40. Ili nafasi moja ya muuguzi isiwe tupu usiku na mchana, wanahitajika wauguzi wasiopungua wanne, na ukihesabu likizo na ugonjwa, watano. Kiongozi anayesema ameandaa wadi ya wagonjwa mahututi aulizwe imeajiri wangapi, na kama wana mkataba wa miezi mitatu au kazi ya kudumu. Wauguzi wakigoma, vitanda vyote 300 hubaki samani.

4. CHANJO: WANGAPI KATI YA WANGAPI?

Chanjo za kwanza za korona, zaidi ya dozi milioni moja, zilifika Nairobi Machi 3, 2021. Tangu siku hiyo tulizoea kusikia viongozi wakitaja dozi zilizopokelewa. Lakini dozi iliyo kwenye jokofu haimkingi mtu. Kuna hesabu tatu tofauti: dozi zilizofika, watu waliopata dozi ya kwanza, na watu waliokamilisha dozi zote. Usikubali kupewa ya kwanza ukadhani ni ya tatu.

Halafu uliza: kati ya wangapi? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 Garissa, 781,263 Wajir na 867,457 Mandera, na hesabu hiyo imezusha ubishi hadi mahakamani. Ubishi huo unahusu afya moja kwa moja. Idadi ya watu ikipunguzwa kwenye vitabu, asilimia ya waliochanjwa hupanda bila mtoto mmoja zaidi kudungwa sindano. Ikiongezwa, asilimia hushuka. Wafugaji wanaohama na wakimbizi wa Dadaab wamehesabiwa wapi? Kiongozi akitoa asilimia pasipo kutaja jumla aliyoigawia, muombe jumla hiyo kabla hujaisifu.

Jambo la mwisho kuhusu chanjo ni ubaridi. Chanjo nyingi, zikiwemo za watoto, hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Katika joto la Garissa, jokofu likizimika kwa siku moja, shehena nzima inaweza kuharibika. Uliza ni zahanati ngapi zina jokofu la umeme wa jua linalofanya kazi.

5. MARADHI MENGINE YALISAHAULIKA?

Hili ndilo swali ambalo viongozi wengi hawalitarajii. Janga likizuka, macho yote, fedha zote na magari yote huenda upande mmoja. Mama mjamzito huogopa kwenda kliniki. Mgonjwa wa kifua kikuu hukatiza dawa. Mtoto hukosa sindano ya surua.

Surua ni ya kuogopwa. Mgonjwa mmoja, akiwa kati ya watu wasio na kinga, anaweza kuwaambukiza 12 hadi 18, na ili kuuzuia ugonjwa huo watoto 95 kati ya kila 100 wanatakiwa kuwa wamechanjwa. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 uliikuta Garissa miongoni mwa kaunti za mwisho kabisa nchini kwa watoto waliokamilisha chanjo za msingi.

Tujikumbushe polio ya mwaka 2013. Virusi viliingia kutoka nchi jirani ya Somalia na wagonjwa wa kwanza wakapatikana Dadaab. Kufikia mwisho wa mlipuko, wagonjwa 14 waliopooza walikuwa wamethibitishwa nchini. Unaweza kuiona 14 kuwa idadi ndogo. Lakini kwa kawaida ni mtu mmoja tu kati ya kama 200 walioambukizwa ambaye hupooza. Nyuma ya wale 14 walikuwako maelfu waliobeba virusi bila kujua. Kwa hivyo katika ripoti ya mwaka wa janga, tafuta mstari unaotaja chanjo za watoto, mama waliojifungulia hospitalini na wagonjwa wa kifua kikuu. Usipouona, ulize.

6. MVUA IJAYO ITATUKUTA WAPI?

Ripoti nzuri hueleza yaliyopita na pia yajayo. Homa ya Bonde la Ufa haiji ghafla. Mayai ya mbu wanaoibeba yanaweza kukaa katika udongo mkavu wa mabonde miaka mingi, kisha mafuriko yakija huanguliwa kwa wingi. Mwaka 2006 wataalamu waliosoma hali ya bahari na mvua walitoa tahadhari wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza kutambuliwa Garissa mwezi Desemba. Hata hivyo, kufikia Machi 2007 wagonjwa 684 walikuwa wamehesabiwa nchini na 155 kati yao walikufa. Mifugo ilizuiliwa kusafirishwa na soko la Garissa likafungwa, na familia zinazoishi kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia zikakosa chakula na karo.

Chanjo ya mifugo ipo, lakini hufaa kabla ya ugonjwa kuzuka. Kuwachanja wanyama katikati ya mlipuko kunaweza kueneza virusi, maana sindano moja hutumika kutoka mnyama hadi mnyama. Kwa hiyo kiongozi anayejisifu kwamba alileta chanjo za mifugo aulizwe: zilifika mwezi gani? Zilizofika kabla ya mafuriko ni kinga. Zilizofika baada ya watu kufa zinaweza kuongeza madhara.

Na wewe msomaji mwenye jamaa huko, wakumbushe mambo haya wakati wa mvua kubwa: wasichinje wala kuchuna mnyama mgonjwa au aliyekufa, wasishike kwa mikono mitupu mimba iliyotoka, maziwa yachemshwe, nyama iive sawasawa, walale ndani ya chandarua, na wasilaze mifugo chumba kimoja na watu. Ule utafiti wa 1997-98 ulionyesha kwamba kugusa majimaji ya kondoo na kulaza mifugo ndani ya nyumba vilihusiana sana na kuambukizwa.

UKINYIMWA JIBU UFANYEJE?

Wananchi wengi husema, "Nitauliza, lakini nani atanijibu?" Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 kuhusu haki hiyo inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu.

Andika barua fupi. Taja jambo moja tu, kwa mfano: "Naomba kujua idadi ya mitungi ya oksijeni iliyotumika hospitalini kila mwezi mwaka huu." Weka tarehe, baki na nakala, na upeleke kwa afisa anayehusika, iwe ni hospitalini, ofisi ya kaunti au ofisi ya mbunge. Ukipuuzwa, ipo tume ya taifa inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya maofisa wa serikali. Asiyejua kuandika anaweza kusaidiwa, maana sheria hiyo inaruhusu pia ombi la mdomo, na afisa ndiye anayetakiwa kuliandika.

Neno moja kwa wabunge wenyewe. Mwaka wa maradhi, watu husikiliza zaidi ya wanavyosema. Mzee wa Ijara au Modogashe atamwamini kiongozi anayesema "watu 12 walifia nyumbani na hatukuwafikia, na hivi ndivyo tutakavyofanya" kuliko yule anayedai kila kitu kilikwenda vyema. Ripoti itolewe kwa Kiswahili na Kisomali, ipite redioni na misikitini, na isiwakusanye watu pamoja ikiwa maradhi huenea kwa pumzi. Kiongozi anayehimiza watu wakae mbalimbali huku amewarundika mbele ya jukwaa lake anafundisha mambo mawili, na watu watafuata lile wanaloliona.

KATA NA UWEKE

Desemba ikifika, uwe na maswali haya mfukoni:

1. Wagonjwa wangapi kati ya waliopimwa wangapi, na majibu yalichukua siku ngapi?

2. Vifo vya nyumbani vimehesabiwa?

3. Kila kitanda kina oksijeni ya saa ngapi na wauguzi wangapi?

4. Waliokamilisha chanjo ni wangapi kati ya wakazi wangapi?

5. Chanjo za watoto, uzazi na kifua kikuu vilipanda au vilishuka?

6. Nini kimeandaliwa kabla ya mvua ijayo, na kitafika mwezi gani?

Chagua mawili yanayoigusa familia yako zaidi, yaandike kwenye karatasi, na uulize mbele ya watu. Jibu utakalopewa liandike pia pamoja na tarehe, ulihifadhi hadi Desemba ya mwaka unaofuata, uje ulinganishe.